Ganda la Risasi Likikwama Ndani ya Dai

Mkono wa presi ya kujazia risasi unashuka vizuri, halafu katikati ya safari unagoma. Ukiurudisha kwa nguvu unasikia mlio mfupi wa kukatika, kishikio cha ganda kinashuka kitupu, na ukichungulia dai (kalibu ya chuma inayolirudishia ganda umbo lake) kutoka chini unaliona ganda limebaki humo humo, ukingo wa kitako chake umenyofoka. Karibu kila anayejaza risasi zake mwenyewe hukutana na jambo hili siku moja, na mara nyingi humkuta usiku, madukani kumefungwa, msimu wa kuwinda ukiwa karibu.

Jambo la kwanza ninalotaka uliamini ni kwamba dai yako bado ni nzima. Ganda kukwama hakuiharibu dai. Dai huharibiwa na kile ambacho mwenye nayo hufanya katika dakika kumi zinazofuata, anapokimbilia nyundo, koleo au moto. Nimeandika makala hii ili dakika hizo kumi zikukute unajua la kufanya.

Nawaandikia hasa wasomaji walioko Marekani, ambako sheria ya shirikisho inamruhusu mtu kujaza risasi za matumizi yake mwenyewe bila leseni, na leseni hudaiwa pale anapotengeneza za kuuza. Wengi waliingia katika kazi hii mwaka 2020 na 2021, risasi zilipoadimika madukani na bei kupanda. Hata hivyo ulizia pia kanuni za mji wako na za mwenye nyumba yako kuhusu kuweka baruti ndani. Msomaji aliye Kenya au Tanzania ajue kwamba huko kutengeneza risasi bila kibali cha serikali ni kosa, kwa hiyo asome haya kama habari za ufundi wa chuma tu.

Tuanze na sababu, kwa kuwa ukiielewa hutahitaji kukariri hatua. Ganda la bunduki limetengenezwa kwa shaba ya njano, mchanganyiko wa shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30. Risasi inapofyatuliwa, gesi hulipanua ganda mpaka ligande kwenye kuta za chemba ya bunduki. Baadaye hurudi nyuma kidogo, ila halirudi katika kipimo chake cha awali. Kazi ya dai ya kurudishia umbo, ambayo ni ya chuma cha pua kigumu, ni kulikaba ganda hilo na kulibana mpaka lirudie wembamba wake. Katikati ya shaba laini na chuma kigumu panatakiwa utando mwembamba wa kilainishi. Pale utando unapokosekana, hata kwa upana wa ukucha, shaba inakigusa chuma moja kwa moja, inajipaka juu yake, na msuguano unapanda ghafla. Presi ina wenzo wenye nguvu nyingi sana, kwa hiyo kulisukuma ganda kuingia ni rahisi. Kulitoa ndiko kugumu, maana hapo nguvu yote inabebwa na ukingo mwembamba wa kitako ulioshikwa na kishikio, na ukingo huo hukatika kabla ganda halijasogea.

Lakini umbo la ganda lenyewe liko upande wako. Ganda la .308 Winchester lina kipenyo cha milimita 11.96 karibu na kitako na milimita 11.53 penye bega. Maana yake limechongoka kidogo kuelekea mbele, kama kabari. Kabari ikishatoka milimita moja au mbili tu, imeachia kote. Kwa hiyo huhitaji kulivuta ganda sentimita tano kwa nguvu zote. Unahitaji mvuto mfupi, ulionyooka, usio na kishindo, na kitu kinachotoa mvuto wa namna hiyo kwa bei ndogo kuliko vyote ni bolti yenye hesi, inayokazwa kwenye tundu utakalolitoboa kitakoni mwa ganda na kulikata hesi.

Kabla ya bolti, simama. Ikiwa ukingo haujakatika bado na ganda limeshikwa na kishikio huku presi imegoma, usiutingishe mkono wa presi kwa mikiki. Jaribu mara moja kurudisha kwa mvuto wa taratibu unaoongezeka. Ukihisi kitu kinaanza kulegea kwa namna ya kupinda badala ya kuteleza, huo ni ukingo unaoanza kukatika. Acha hapo. Ukingo mzima una thamani, kwani hukuruhusu kudondoshea mafuta ya kulegeza kutu kupitia juu ya dai, kungoja mpaka asubuhi na kujaribu tena. Nisikudanganye, mafuta hayo hupenya kidogo sana mahali palipobanwa hivi, na mara nyingi asubuhi utalikuta ganda palepale. Ila kungoja hakugharimu kitu, na pengine faida yake kubwa ni kwamba hasira inakuwa imekwisha.

Sasa sharti ambalo sitalilegeza kwa yeyote. Kabla hujagusa drili, hakikisha kwamba ganda halina fataki hai, yaani kiwashi cha kitakoni ambacho hakijalipuka. Kwa kawaida pini iliyo ndani ya dai huwa imeshaisukuma nje fataki iliyotumika, na shimo unaliona wazi kitakoni. Lakini wapo wanaorudisha umbo maganda yaliyokwisha kuwekwa fataki mpya, na wapo wanaookota maganda uwanjani bila kuyakagua. Kama unaona fataki nzima isiyo na alama ya kupigwa, usitoboe, usigonge, usiipashe moto, na usiitume kwa posta. Usitegemee mafuta kuiua, kwa sababu fataki nyingi huvumilia mafuta na baadaye huwaka vizuri kabisa. Chukua dai hiyo kama ilivyo, umweleze fundi bunduki kilichomo, naye aifanyie kazi kwake. Baruti haipaswi kuwamo katika hatua hii hata kidogo, maana kurudisha umbo huja kabla ya kujaza.

Ukiwa na hakika kwamba fataki imetoka, fungua dai kwenye presi. Ukitaka kuishika kwenye jiliwa, kinga meno ya jiliwa kwa vipande vya mbao, ngozi au bati laini la alumini, ili hesi ya dai isisagike. Hesi hiyo ni ya kipimo cha inchi 7/8 chenye miviringo 14 kwa inchi, kipimo kinachotumiwa na watengenezaji karibu wote, na ndiyo sababu dai ya kampuni moja huingia kwenye presi ya kampuni nyingine. Ukiisaga, umepoteza mengi kwa ajili ya ganda moja.

Ndani ya dai kuna fimbo yenye pini mwishoni, na juu kidogo ya pini kuna kitufe cha kupanulia shingo. Watu wengi hukosea hapa. Kitufe kimo ndani ya tumbo la ganda, na shingo iliyo juu yake imekwisha kukazwa kuwa nyembamba kuliko kitufe, kwa hiyo fimbo haitoki yote kwa juu. Usiilazimishe. Legeza nati yake, uizungushe ipande juu kadiri inavyoweza, kisha uiache hapo. Lengo ni kuitoa katika njia ya biti ya drili na tepu ya kukatia hesi, maana biti ikiigusa pini itaivunja, au yenyewe itakatika. Zipo dai ambazo fimbo yake ni nene na imeshikwa kwa koleti. Kwa hizo, kijitabu cha mtengenezaji huenda kikakuelekeza uigonge fimbo yenyewe kutoka juu ili isukume ganda nje. Soma kijitabu kwanza. Fimbo nyembamba ya hesi ukiigonga namna hiyo inapinda, na iliyopinda itazitia kombo shingo za maganda yako yote yajayo.

Vifaa vya kuchomolea huuzwa tayari, na RCBS na Hornady ni miongoni mwa wanaovitengeneza. Ndani ya boksi la kawaida mna biti, tepu ya inchi 1/4 yenye miviringo 20 kwa inchi, bolti ya hesi hiyo hiyo, na kikombe cha chuma. Usipovipata, biti ya milimita 5, tepu ya M6 na bolti ya M6 hufanya kazi ile ile. Badala ya kikombe tumia soketi ya spana ambayo tundu lake linalimeza kitako cha ganda bila kukigusa, huku kingo zake zikiegemea mdomo wa dai. Juu ya soketi weka washa moja au mbili nene.

Vaa miwani ya kinga. Geuza dai mdomo juu, kitako cha ganda kikutazame. Tundu la fataki ndilo litakaloiongoza biti. Kwenye ganda la .308 au .30-06, tundu hilo lina upana wa milimita 5.3 hivi, kwa hiyo biti ya milimita 5 inakaa katikati yenyewe. Kwenye .223 Remington tundu ni dogo zaidi, kama milimita 4.4, hivyo biti italipanua kidogo, na inakubidi kuishika imenyooka kwa makini zaidi. Drili iende polepole, na shinikizo lako liwe la mkono mmoja. Shaba ya njano haina ukaidi, huja vipande vipande vya rangi ya dhahabu, na ghafla utahisi biti imepenya kuingia tumboni mwa ganda. Acha papo hapo. Ukiendelea kwa pupa utaikuta pini, kitufe, au ukuta wa dai, na mkwaruzo mmoja kwenye ukuta huo utachapwa juu ya kila ganda utakalolipitisha tangu siku hiyo.

Tia tone la mafuta kwenye tepu. Izungushe nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili ikate na kuvunja mabaki yake. Sehemu nene ya kitako ni milimita chache tu, na hiyo ndiyo itakayobeba mvuto wote, kwa hiyo hesi yake iwe safi na kamili. Tepu iliyosimama upande hukata hesi dhaifu inayonyofoka mara bolti inapokazwa. Itazame kutoka mbele, kisha kutoka ubavuni, kabla ya kuanza kuzungusha.

Baada ya hapo kazi iliyobaki ni fupi. Simamisha kikombe au soketi juu ya mdomo wa dai, weka washa, pitisha bolti mpaka ishike hesi uliyokata, kisha kaza kwa spana. Kichwa cha bolti kinaegemea washa, washa inaegemea soketi, soketi inaegemea dai, na kwa kuwa bolti haina pengine pa kwenda, ganda ndilo linalopanda. Kwa kawaida utasikia mlio mkavu na spana inakuwa nyepesi ghafla. Hiyo ndiyo kabari kuachia. Yaliyobaki unaweza kuyavuta kwa vidole, ukiangalia kitufe kisikwame shingoni wakati wa kutoka.

Kuhusu joto na baridi kuna ushauri mwingi unaozunguka, na mwingine ni wa hatari. Shaba ya njano hutanuka na kunywea kuliko chuma cha pua. Ukipasha moto dai, ganda la ndani hutanuka kuliko nyumba yake, na hivyo unazidi kulikaza. Tena moto mkali hulegeza ugumu ambao kiwanda kimeupa uso wa dai, na ugumu huo ukishapotea hutaurudisha nyumbani. Kwa hiyo moto, hapana kabisa. Baridi inafuata mantiki iliyo sahihi, na ndiyo maana wapo wanaoiweka dai kwenye friza usiku kucha. Lakini tupige hesabu. Ukishusha joto nyuzi 40 za Selsiasi, tofauti ya kunywea baina ya metali hizi mbili kwenye kipenyo cha milimita 12 haifiki hata milimita 0.005. Ni msaada mdogo. Utumie kama nyongeza kabla ya kukaza bolti, si badala ya bolti.

Wengine hushauri kumwagia dawa za kusafishia zenye amonia ili zile shaba. Ziweke mbali na maganda. Jeshi la Uingereza lilipokuwa India liliona maganda ya risasi yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yakipasuka yenyewe wakati wa masika. Baadaye ilithibitika kwamba amonia itokayo katika mkojo na samadi ilikuwa ikiishambulia shaba iliyobeba mkazo ndani yake. Kila ganda lililokwisha kubanwa na dai limebeba mkazo wa namna hiyo hiyo. Ufa wake hauonekani kwa macho, na utauona siku ganda litakapopasuka ndani ya bunduki iliyo karibu na uso wako.

Ganda likishatoka, usirudi kazini papo hapo. Fungua dai yote, ioshe kwa kiyeyushi, pitisha kitambaa cha pamba, kisha uangalie ndani kwa tochi. Unatafuta mistari ya rangi ya dhahabu, ambayo ni shaba iliyojipaka ukutani. Isipoondolewa, ganda lijalo litakwama mahali pale pale, na watu huishia kusema dai ina mkosi. Kijiti cha mbao kilichozungushiwa kitambaa chenye dawa laini ya kung'arishia metali kinatosha, kikizungushwa kwa drili ya mwendo mdogo. Usitumie msasa wa kukwaruza, kwani unaweza kupanua kipimo chenyewe. Kagua pini kama imepinda, na kagua midomo ya kishikio kama imefunguka. Hatimaye pitisha ganda moja zuri lililopakwa vizuri, polepole, na uliangalie mwili wake mzima. Likitoka na mchirizi, bado kuna shaba ndani au kuna mkwaruzo.

Sasa nirudi kwenye kilainishi, maana ndipo mambo yote yalipoanzia, na naomba unisikilize hata kama unajaza risasi miaka mingi. Kundi linalokwamisha maganda mara nyingi ni watu waliotoka kwenye bastola. Dai za maganda yaliyonyooka kama .38 Special mara nyingi huwa na pete ya kabaidi, nayo huwezesha kazi bila kilainishi. Mtu huyo akinunua dai ya bunduki ndefu huja na mazoea yake, na ganda la kwanza linabaki ndani. Ganda lenye bega na shingo lazima lipakwe, hata dai ikiwa ya kabaidi. Dai mpya nayo ni mtego mwingine: hutoka kiwandani na mafuta ya kuzuia kutu, ambayo si kilainishi cha kazi hii. Isafishe, kisha upake ukuta wake wa ndani kidogo kabla ya ganda la kwanza, pamoja na kulipaka ganda lenyewe.

Kwa mtu anayeanza, nashauri nta badala ya dawa ya kupuliza. Imperial Sizing Die Wax inayouzwa na Redding ni mfano mzuri. Unagusa nta kwa ncha ya kidole, unalizungusha ganda kati ya vidole, na vidole vyenyewe vinakuambia palipokosa. Zingatia theluthi ya chini ya mwili, karibu na kitako, ambako ukuta ni mnene na dai inakaba zaidi. Begani pasipakwe kwa wingi, kwa sababu kilainishi kisichokuwa na pa kwenda hubonyeza shaba na kuacha vishimo. Ndani ya shingo pia panahitaji kupitishwa brashi ya nailoni yenye kilainishi kidogo, ili kitufe kipite bila kuivuta. Dawa ya kupuliza ni nzuri kwa maganda mengi, lakini hubebwa na kimiminika ambacho lazima kikauke kwanza. Anayepuliza na kuanza kazi papo hapo ndiye anayetafuta boksi la kuchomolea usiku. Wanaotengeneza yao wenyewe huchanganya sehemu moja ya lanolini na kama kumi za alkoholi ya isopropili. Inafanya kazi vizuri, mradi ukumbuke kwamba alkoholi hushika moto na chumba kiwe na hewa.

Chochote utakachochagua, mkono wako ndio kipimo. Ganda la pili na la tatu yatakufundisha uzito wa kawaida wa mkono wa presi. Siku uzito huo ukizidi katikati ya mteremko, usimalizie. Rudisha ganda likiwa bado linasogea, lipake tena, kisha uendelee. Maganda ya kijeshi yaliyookotwa uwanjani yastahili tahadhari zaidi, kwa kuwa baadhi yamefyatuliwa kwenye chemba pana na yamevimba chini. Yatenge, yapime karibu na kitako, na yale yaliyozidi sana wenzake yaende kwenye chakavu. Maganda yenye fataki ya mtindo wa Berdan, yenye vitundu viwili pembeni badala ya kimoja katikati, yatolewe kabisa. Pini haina pa kupita humo, na itavunjika au kupinda.

Kabla ya kutia fataki na baruti, futa kilainishi chote. Mabaki yake ndani ya ganda yanaweza kudhoofisha fataki au baruti, na yaliyobaki nje hufanya ganda litelezee ndani ya chemba badala ya kushika kuta zake, hivyo msukumo mkubwa zaidi huangukia kwenye bolti ya bunduki. Osha mikono pia kabla ya kula au kumbeba mtoto, kwani masizi ya fataki zilizotumika yana risasi, ile metali yenye sumu. Na kama hukuwa na drili, au ulipoanza kutoboa ukahisi biti inakwenda upande, weka kila kitu chini. Watengenezaji wengi wa dai Marekani hupokea dai iliyokwama ganda wakaitoa wao, maadamu hakuna fataki hai ndani. Wapigie simu kwanza, waambie ni ganda gani na ulifanya nini mpaka hapo, ndipo uifunge na kuituma.